Mdogo wangu anataka kuacha chuo akacheze basketi ya viti mwendo nje, kuna maisha kweli huko?

DadaWaMbagala

Habari za jioni wakubwa. Naomba mnisaidie mawazo maana nyumbani kwetu hakulaliki.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20. Mwaka juzi alipanda boda akitoka kibaruani wakagongwa na lori, dereva wa boda akafia palepale na mdogo wangu akakatwa mguu wa kushoto juu ya goti. Miezi sita ya mwanzo hakuwa mtu wa kuongea nae, anageukia ukutani tangu asubuhi mpaka taa zizimwe. Halafu siku moja ya kliniki ya mguu wa bandia akakutana na jamaa akamwambia njoo Jumamosi uone sisi tunavyocheza. Akaenda, na tangu siku hiyo kijana wetu amerudi. Anakula, anacheka, usiku anatuchosha na stori za rebaundi na mama anasema mwacheni anichoshe.

Nimeenda kumwangalia mara moja tu. Wanachezea kwenye uwanja wa shule, sakafu ya saruji, jua la saa nane. Alikimbilia mpira wakagongana viti akapinduka chali na kiti chake, mimi nikapiga kelele nikataka kuingia uwanjani, wenzake wananiambia dada tulia. Akajigeuza kifudifudi, akasukuma sakafu kwa mkono mmoja, akainuka na kiti kikiwa kimemganda kiunoni maana kimefungwa kwa mkanda wa begi, akaendelea kucheza. Nililia nyuma ya mti wa mwembe pale, sio kwa huzuni.

Sasa tatizo. Anasoma chuo cha ufundi, umeme wa majumbani, amebakiza mwaka mmoja, na mwezi uliopita akasema anaacha. Kuna mtu kwenye WhatsApp anajiita wakala, aliona video yake akamwambia kuna timu Uturuki inamtaka, mshahara dola elfu mbili kwa mwezi, nyumba bure, ila atangulize milioni mbili na laki tatu za viza na vipimo. Baba akasema hakuna mtu duniani anaelipwa kucheza akiwa kwenye kiti. Yule akajibu vibaya. Wiki ya pili sasa hawali meza moja na mimi ndio napeleka sahani chumbani.

Mimi mchezo wenyewe siujui. Naomba mnieleze, kweli kuna watu wanaishi kwa kazi hii? Wanaanzaje? Wakizeeka wanaenda wapi? Na huyo wakala vipi?

ChumviNyingi

Dada usitume hata shilingi mia. Timu inayomtaka mchezaji inalipa yenyewe, haimwombi nauli mtu aliyekatwa mguu. Hayo mengine wataalamu watakuja kukujibu.

Mswahili_Hessen

Shikamoo dada kama umenizidi. Mimi niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja huu, jimbo la Hessen, na sio mbali na ninapoishi kuna mji unaitwa Wetzlar wenye timu ya RSV Lahn-Dill, ni moja ya timu kubwa kabisa za mchezo huu Ulaya. Nilianza kwenda kuangalia kwa sababu bosi wangu alikuwa na tiketi ya ziada, sasa hivi nikikosa mechi ya nyumbani najisikia vibaya wiki nzima.

Kwa hiyo baba yako mwambie kwa heshima kwamba wapo wanaolipwa. Ujerumani kuna ligi, Hispania kuna ligi, Italia ipo, Uturuki ipo, hata Galatasaray hiyohiyo ya mpira wa miguu ina timu ya viti mwendo, na kuna Mmarekani anaitwa Matt Scott aliyezaliwa na mgongo wazi alicheza pale. Hapo ndipo uongo wa huyo wakala unapopata pa kusimama, Uturuki ni kweli inachukua wachezaji wa nje. Ila anaechukuliwa ni nani, hapo ndio pa kuangalia.

Steve Serio wa Marekani mfano. Alipasuliwa uvimbe kwenye uti wa mgongo akiwa na miezi 11, miguu haikukaa sawa tena. Amecheza hapa Lahn-Dill miaka kadhaa. Ana dhahabu ya Paralimpiki, ile Olimpiki ya walemavu, ya Rio 2016, ya Tokyo, na Paris 2024 ambako Marekani iliifunga Uingereza 73 kwa 69 fainali, tena huko Paris alikuwa mmoja wa wabeba bendera wa Marekani. Sasa huyo kabla hajaja Ulaya alipitia chuo kikuu cha Illinois. Patrick Anderson wa Kanada, ambae wengi wanasema hajatokea kama yeye, nae alipitia Illinois hukohuko. Aligongwa na dereva mlevi akiwa na miaka tisa akapoteza miguu yote miwili chini ya magoti. Dhahabu 2000, dhahabu 2004, fedha 2008, akaacha akaenda zake New York kusomea muziki, akarudi akachukua dhahabu London 2012, na Paris 2024 bado alikuwa uwanjani na miaka 45 yake.

Unaona njia ilivyo? Chuo kwanza. Marekani kuna vyuo vikuu kadhaa vyenye timu za viti mwendo, Illinois, Alabama, Texas Arlington, Arizona na vingine, na baadhi vinatoa ufadhili wa masomo kwa mchezaji, na wanachukua mpaka Wajerumani na Wajapani. Lakini lazima kwanza ukubaliwe kama mwanafunzi, vyeti na Kiingereza. Kijana akiacha chuo leo anajifungia mlango huohuo anaotaka kuupita.

Na hela, nisikudanganye. Wachache wanaishi vizuri kwa mchezo tu. Wengi ninaowaona hapa asubuhi yuko ofisini au chuoni, jioni mazoezi, Jumamosi mechi. Klabu inaweza kumpa nyumba na kitu cha kujikimu, sio za NBA.

Sasa mtego wa kumnasa huyo wakala. Muulize swali moja tu: mdogo wangu ni pointi ngapi? Usimweleze zaidi. Akikujibu njoo utuambie alivyojibu.

DadaWaMbagala

Marahaba na asante sana kaka. Hiyo ya pointi sijaielewa ila nitamuuliza kesho.

MzeeWaSkrini

Salaam dadangu. Mimi niko Mombasa, polio ilinipata kabla sijamaliza miaka miwili, nimecheza tangu miaka ya tisini na sasa nafundisha. Hiyo ya pointi niachie mimi nikueleze manake ndio roho ya mchezo wenyewe na watu wengi wanaotazama kwa simu hawaijui.

Kila mchezaji anapimwa mwili wake unaweza nini, anapewa namba kuanzia 1 mpaka 4.5, kwa nusu nusu. Moja ni yule ambae kuanzia kifuani kushuka hana nguvu, akiachilia mkono kwenye gurudumu kiwiliwili kinaanguka. 4.5 ni yule ambae akiketi anainama mbele, anageuka, anaegemea pande zote bila kushika. Halafu watano wakiingia uwanjani jumla yao kwenye mashindano ya kimataifa isizidi 14. Piga hesabu mwenyewe: 4.5, 4, 3, 1.5 na 1, hapo umefika. Kwa hivyo huwezi kujaza timu kwa wenye miili mizuri peke yao, lazima umtafute mwenye pointi moja na lazima awe mzuri, la sivyo unapigwa.

Na huyo mwenye pointi moja kazi yake ndio jina langu hilo hapo juu, skrini, yaani kumzibia adui njia. Kiti hakiendi ubavu. Mtu wa miguu ukimzuia anachapa hatua ya pembeni anapita, kiti ni mbele au nyuma tu, kugeuka kwanza. Basi huyu wa pointi moja anapeleka kiti chake anakibandika kwenye gurudumu kubwa la adui, pale pale nyuma ya mkono, na yule jamaa mrefu wa 4.5 amekwisha, yuko gerezani, na mwenzetu anakwenda kufunga peke yake. Sekunde tatu. Mimi nimeona mechi zikiamuliwa na mtu ambae hakugusa mpira hata mara moja, na wanaojua wakaenda kumpa mkono yeye kwanza.

Sasa mdogo wako, mguu mmoja juu ya goti, atakuwa 4 au 4.5 kulingana na kigutu kilivyo kirefu. Hapo nimwambie ukweli kama mwanangu: ndio daraja lenye foleni ndefu zaidi. Kila nchi inao. Pale Ujerumani kwenye ligi yao hata mtu mwenye miguu yake mizima anaruhusiwa kucheza, wanamhesabu 4.5, kwa hivyo kijana wetu hashindani na walemavu wenzake tu. Anderson pia ni 4.5. Hicho ndicho kipimo cha mtu wa nje kuitwa kwa daraja hilo. Inawezekana lakini inataka awe hodari kuliko anavyodhani sasa, na miaka miwili ya uwanja wa saruji bado.

La kumtuliza ni kwamba kwa kukatwa mguu hatababaishwa kuhusu uhalali. Mwaka 2020 kamati ya Paralimpiki ya kimataifa iliwabana shirikisho la mchezo wetu wawapime upya wa 4 na 4.5, na watu wakatolewa. David Eng wa Kanada alikuwa na dhahabu mbili, alibeba bendera ya nchi yake Rio 2016, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, akaambiwa haustahili tena. Hivi hivi, baada ya umri wote ule. Niliumia kama nimeambiwa mimi.

Mtoto afunzwe. Nitarudi kuhusu kiti.

Kijana_wa_Nyegezi

Nisamehe dada kuingilia uzi wako. Mzee hapo juu, mimi niko Mwanza, nilianguka kwenye mwembe nikiwa na miaka 15, uti wa mgongo, kuanzia chini ya matiti sihisi kitu. Timu yetu hapa wananiweka benchi kwa sababu sifungi, mpira wa juu siupati, wananiita nikiwa wamekosa watu. Nimesoma ulichoandika mara tatu. Ni kweli mtu kama mimi anatafutwa?

MzeeWaSkrini

Mwanangu, wewe ndie unaetafutwa. Kama ni hivyo unavyosema utakuwa 1, na timu yoyote inayokwenda kimataifa bila watu wako haiwezi hata kuwaingiza warefu wake. Mwambie kocha wako ahesabu pointi mazoezini, aweke 14 ukutani, utaona atakavyokuita. Na wewe usishinde ukilia na kikapu, kile kiko mita 3.05 kwa wote na wewe huna tumbo la kukusukuma juu. Fanya hivi: kila siku mbio fupi, toka mstari wa mwisho mpaka katikati, simama ghafla, geuka, rudi. Kuanza na kusimama. Mwenye pointi moja anaewahi mahali mapema kuliko wote, huyo hafai kuwekwa benchi. Na uweke mikanda miwili, mmoja kiunoni mmoja magotini, usicheze umelegea.

Nitumie ujumbe wa faraghani nikupe zoezi lote.

Fizio_Moro

Mimi ni fiziotherapisti na nawahudumia wachezaji kadhaa kwa hiyo niongeze langu. Mdogo wa DadaWaMbagala, mabega. Vijana wanasukuma tu, hawanyooshi, hawafanyi mazoezi ya mgongo wa juu, na bega la mtu wa kiti ndio mguu wake, likiharibika hana la akiba. Yeye ana nafuu anatembea kwa magongo au mguu wa bandia siku nyingine lakini magongo nayo ni bega hilohilo. Kigutu akikague kila akitoka mazoezini, jasho na mkanda vinachuna ngozi, akiona wekundu usioondoka asivae mguu wa bandia siku hiyo.

Kijana wa Nyegezi wewe sikiliza vizuri zaidi. Huhisi makalio, kwa hiyo kidonda kinaweza kuanza na usijue mpaka kinuke. Kioo kila jioni, au mtu wa nyumbani akuangalie, usione haya. Jiinue kwenye kiti kila baada ya muda hata ukiwa benchi. Nimemuuguza mchezaji mzuri sana aliyekaa kitandani miezi minane kwa kidonda kilichoanza kidogo kama kucha, na ilianzia kwenye kiti cha kuazima kisicho na mto. Na joto la Mwanza, kama jeraha liko juu mwili hautoi jasho vizuri, beba chupa ya maji ya kujinyunyizia.

Mswahili_Hessen

Hii thread imenifurahisha. Dada aliuliza wakizeeka wanaenda wapi, hilo hatujalijibu vizuri.

Wengine wanakuwa makocha, na huku kocha wa kiti mwendo sio cheo cha kuonewa huruma. Mholanzi Gertjan van der Linden alikuwa mchezaji, Barcelona 1992 timu yake ikapata dhahabu baada ya Marekani kupokonywa kwa kesi ya dawa zilizokatazwa michezoni, halafu akawafundisha wanawake wa Uholanzi mpaka wakachukua dhahabu ya Tokyo. Mike Frogley wa Kanada alipata ajali ya gari, akachezea nchi yake, halafu akafundisha Kanada dhahabu mbili, 2000 na 2004, na ndie aliyekuwa kocha pale Illinois. Yaani hao kina Anderson wamepita mikononi mwa mtu aliyeketi kama wao.

Ade Adepitan mnamjua? Mzaliwa wa Nigeria, polio akiwa mtoto mdogo, wazazi wakampeleka Uingereza akiwa na miaka mitatu, wakakaa London mashariki. Mafiziotherapisti walimuona barabarani marafiki zake wanamsukuma kwenye toroli la supamaketi ndio wakamwambia njoo ujaribu mchezo. Alipata shaba Athens 2004, leo ni mtangazaji mkubwa wa televisheni kule.

Halafu yupo Jess Markt. Mmarekani, alikuwa mruka juu chuoni, ajali ya gari ikamvunja mgongo akiwa na miaka 19. Mwaka 2009 akaenda Afghanistan kufundisha timu ambayo ilikuwa haina kocha, Msalaba Mwekundu wakaendelea kumtumia na akafika mpaka Sudan Kusini hapo jirani zenu kuanzisha timu. Hiyo ni kazi. Hakufunga kikapu hata kimoja cha Paralimpiki kwenye kazi hiyo, lakini ukienda Juba ukakuta vijana kwenye viti wanagombania mpira, mkono wake umo.

KweliTupu255

Mbona mnamvunja moyo kijana? Hao wote mliowataja ni wa Ulaya na Marekani, wamezaliwa kwenye viwanja vya mbao na serikali inawanunulia viti. Huku kwetu mtu akipata upenyo hata wa mashaka mwacheni ajaribu. Nyie mnaongea chuo chuo, kaka yangu ana digrii anauza vocha.

Mswahili_Hessen

Uchungu wako nauelewa ndugu. Ila sio wote wa Ulaya. Nilofar Bayat ni Mwafghanistan, roketi iliangukia nyumba yao akiwa na miaka miwili ikamuumiza mgongo. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake na alikuwa amesomea sheria. Agosti 2021 Taliban waliporudi Kabul alitoroka na mumewe, wakafika Hispania, timu ya Bilbao ikampokea akachezea hapo. Aliyemsaidia ni mwandishi wa habari na watu wa basketi wa Hispania waliokuwa wanamjua kwa sababu alishacheza mashindano. Hakumlipa mtu viza. Upenyo wa kweli unakuja kwa watu walioona unacheza, uwanjani, dakika arobaini nzima. Klipu ya sekunde 20 haitoshi.

MzeeWaSkrini

Na hapa kwetu mwaka 2022 michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham iliweka kwa mara ya kwanza basketi ya viti ya watatu kwa watatu, na wasichana wa Kenya walikwenda. Wasichana wetu. Wamefanya mazoezi kwenye viwanja kama hicho cha Mbagala, nyufa na mchanga. Hawakurudi na medali lakini walipanda ndege wakiwa wamevaa rangi za nchi na hakuna wakala aliyekula hela ya mama yao. KweliTupu, hiyo ni njia na iko hapa hapa: timu ya mtaa, timu ya mkoa, chama cha nchi, mashindano ya Afrika. Ni polepole na inaudhi, nauli ya kwenda mazoezini inakushinda, mwaka mwingine hakuna ligi kabisa kwa sababu hakuna wa kulipia basi lenye nafasi ya viti. Sitakataa. Nimelala kwenye sakafu za shule nyingi kwa mchezo huu na bado nasema mtoto acheze.

Sasa kiti. Dadangu, badala ya hizo milioni mbili na zaidi kumpa mwizi, ziwekeni kwenye kiti. Kile cha hospitali magurudumu yamesimama wima, ukigeuka kwa kasi unapinduka, ndio maana ulimwona akienda chali. Cha mchezo magurudumu yameinamishwa, juu yanabana ndani chini yametanuka, kinageuka mahali kilipo kama pia. Mbele kina chuma cha kukinga miguu, nyuma kina kijigurudumu kidogo cha kuzuia usianguke. Kipya kutoka ng'ambo ni maelfu ya dola, hatuwezi. Lakini mimi nina fundi wa kuchomelea hapa Mombasa ambae baada ya kuharibu viwili cha tatu kilitoka sawa, spoki na beringi ni za fundi baiskeli, na pancha tunaziba wenyewe pembeni ya uwanja.

Kubwa ni kipimo. Upana wa mapaja yake akiwa ameketi, kidole kisipite kati ya paja na ubavu wa kiti. Kiti kikiwa kipana ye anageuka kiti kinabaki. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kiti cha kuazima hakigeuki.

DadaWaMbagala

Nimerudi jamani. Nimemuuliza yule wakala swali mlilonipa. Nimeandika tu, mdogo wangu ni pointi ngapi? Akajibu baada ya dakika kumi: "Usijali sister atafunga pointi 25 kila mechi, coach amemkubali sana, tuma leo nafasi inajaa."

Nikampa simu mdogo wangu asome mwenyewe, sikusema neno. Akasoma. Yeye hizo pointi anazijua, mwenzie wa timu alimuelezaga siku ya kwanza. Akakaa kimya muda mrefu sana halafu akasema huyu hajawahi kuona mechi hata moja. Akamblok mbele yangu. Nilitaka kumkumbatia nikaona nitamuharibia nikaenda kupika.

Jioni nikamsomea baba uzi wote, miwani yake ilivunjika hasomi kwenye simu. Yule Anderson wa miaka 45 alinirudisha mara mbili, akaniambia soma tena hapo. Halafu akauliza hiyo Kenya walienda Ulaya na viti vyao? Nikamwambia ndio. Hakusema kitu kingine lakini leo asubuhi alimgongea mlango mwenyewe akamwambia chai inapoa.

Chuo anaendelea, tumekubaliana amalize huo mwaka mmoja. Mzee wa Skrini, baba anafahamiana na fundi wa mageti hapa Mbagala, anauliza hayo magurudumu yanainamishwa kiasi gani na bomba gani linatumika ili asiharibu viwili vya kwanza kama vyako.

MzeeWaSkrini

Alhamdulillahi. Mwambie baba magurudumu yainame nyuzi 15 mpaka 20, asizidishe, mlango hautampitisha. Bomba jepesi lakini lisiwe la kitanda, lile linapinda mgongano wa kwanza. Kabla hajakata chochote mkalishe kijana kwenye benchi gumu, mgongo ukutani, mpime vitu vinne: upana wa mapaja, toka makalio mpaka nyuma ya goti la mguu mzima, toka goti hilo mpaka kisigino, na urefu wa mkono ukining'inia toka bega mpaka ncha ya kidole. Nitumie hizo namba na picha yake akiwa ameketi ubavu. Jumapili niko kwa fundi wangu, nitampigia fundi wa baba yako kwa video tuongee vyuma wenyewe kwa wenyewe.

Kijana_wa_Nyegezi

Mzee na mimi nipime vipi hapo kwenye goti, miguu yangu haikai, inateleza mbele.

MzeeWaSkrini

Funga kitenge magotini kwanza halafu mama apime.